Siku Mashine Ilipoikana Kibodi

Walisema sitamaliza wiki. Mjomba wangu, muuza saruji na mabati, alitangaza barazani kwamba mtoto wa dada yake amekwenda bara miaka saba kusomea kubonyeza, na kubonyeza hata kuku anaweza, mwekee punje tu. "Duka la kuchapa karatasi, Mji Mkongwe? Nani anaandika hapa?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu nilikuwa nahitaji meza yake.

Niseme wazi, sioni haya: diploma yangu ya kompyuta nilijilipia mwenyewe. Huko Arusha nilikuwa naosha magari asubuhi, jioni naingia darasani na viatu vimelowa. Hakuna aliyenichangia hata kalamu. Ndiyo maana niliporudi Bagamoyo sikuona sababu ya kutembea nimeinama. Kompyuta nilikuja nayo, ya mtumba lakini nzima, pamoja na printa. Vingine niliazima. Kiti kilikuwa cha jirani yangu wa mlango wa pili, mwenye studio ya picha. Mrashi na chetezo cha siku ya kufungua vilikuwa vya shangazi. Meza ya mjomba ilikuja na sharti.

"Ukishindwa kabla ya Ijumaa, Jumamosi nakusubiri ghalani upakie mifuko."

"Na nisiposhindwa, mjomba?"

"Aa, wewe nawe. Chukua meza."

Tulifungua Jumatatu kwa dua. Meza niliigeuza itazame mlango, ili nione wateja wakiingia. Kwa hiyo mgongo wa mashine, wenye nyaya na matundu yote, ukawaelekea wageni. Udi ukafuka, halwa ikazunguka, shangazi akapita na mrashi akiwanyunyizia watu marashi ya mawaridi viganjani. Nilijiona bwana harusi.

Jumanne asubuhi akaingia mwalimu mkuu wa sekondari, mama mmoja asiyepoteza maneno, na mtihani wa majaribio ulioandikwa kwa mkono.

"Nauhitaji kabla ya alasiri. Ikishindikana niambie sasa hivi, niupeleke Mapinga."

"Shikamoo mwalimu. Mapinga utafuata nini? Umeshafika."

Nikawasha. Skrini ikaandika maneno ya Kiingereza na kuganda hapohapo. Mjomba, aliyekuwa amepita "kuitazama meza yake", akaniomba nimtafsirie. Nikamtafsiria, na hilo lilikuwa kosa langu la kwanza siku ile: kibodi haionekani, bonyeza kitufe ili kuendelea.

"Haioni kibodi, halafu inataka uibonyeze?" Akajishika kiuno. "Haya, mwanadiploma. Ndiyo kazi uliyosomea. Bonyeza!"

Nilichomoa waya wa kibodi nikauchomeka tena. Kimya. Nikahamisha tundu. Kimya. Shangazi, aliyekuja kuchukua vyombo vyake, akaweka mkono kifuani. "Hili jicho. Jana palijaa watu hapa, na si wote walikuja kwa heri." Alipotamka hivyo alikuwa anatazama mlango wa pili, kwa jirani wa studio, kwa kuwa naye ana kompyuta na anachapa picha za pasipoti. Jirani alisikia. Aliingia ndani akarudi na kibodi yake mwenyewe.

"Jaribu hii, kaka."

Nikaichomeka. Haikuonekana nayo.

"Mnaona?" akasema shangazi. "Hata ya kwake inakataa! Mnataka ushahidi gani tena?"

Mimi niliona ushahidi mwingine kabisa. Kibodi mbili za watu wawili hazifi asubuhi moja, kwa hiyo kibodi haina kosa. Mashine ilikuwa imekwama mwanzoni kabisa, kabla programu yoyote haijaamka, kwa hiyo programu nazo hazina kosa. Nikaigeuza mausi tumbo juu: ile taa yake nyekundu ilikuwa imezimika. Umeme haukuwa unafika kwenye matundu. Nilizima, nikachomoa nyaya zote, nikaigeuza mashine na kuimulika mgongo kwa simu. Ilibidi nisogeze uso karibu sana. Hapo pua yangu ikajua kabla ya macho.

Mawaridi.

Ningeweza kunyamaza. Ningesema ni chumvi ya bahari, inayokula mpaka bawaba za milango yetu, na kila mtu angekubali. Lakini shangazi alikuwa ameshainuka. "Nichukue mrashi niiongezee," alisema, "na yule wa picha asikanyage tena humu." Na yule wa picha alikuwa amesimama palepale, kibodi yake ikiwa bado mezani kwangu.

"Shangazi," nikasema, "jana uliinyunyizia na mashine?"

"Nisiinyunyizie kwa nini? Si ndiyo mwenye duka?"

"Basi marashi yameingia matunduni. Yanapeleka umeme pasipotakiwa, na mashine imejifungia."

Mwalimu mkuu alitazama saa yake.

"Kwa hiyo mchawi ni mimi?" shangazi akauliza.

"Hapana, shangazi. Lakini na jirani siye."

Alichukua chetezo chake akatoka bila kuaga. Mrashi aliuacha. Sikumfuata, nilikuwa na kazi.

Nilinunua spiriti na pamba duka la dawa, nikafungua mswaki mpya. Nikasugua tundu moja baada ya jingine, nikapangusa, nikasugua tena. Jirani akaleta pangaboi lake, tukaliacha liikaushe mashine huku mwalimu akienda sokoni. Mjomba hakuondoka. Duka lake la saruji lilikuwa wazi na wateja wanamngoja, lakini alikaa kwenye kizingiti changu kama mtu aliyelipia kiingilio.

Baada ya adhuhuri nikawasha. Taa tatu za kibodi zikaangaza pamoja, na mashine ikafunguka bila kuuliza kitu. Nikaandika mtihani ule bila kutazama vidole, makusudi, nikimtazama mjomba. Alasiri haijaadhiniwa, kurasa zilikuwa mkononi mwa mwalimu. Alizisoma zote amesimama. Akapata kosa moja, nalo lilikuwa lake.

Ijumaa ikapita. Jumamosi sikuonekana ghalani, wala Jumamosi zilizofuata.

Siku niliyorudisha vitu vya watu niliichagua mwenyewe. Kiti na pangaboi vilikwenda kwa jirani kwanza. Mrashi niliusugua kwa ndimu na majivu mpaka ukang'aa kuliko nilipouazima, nikampelekea shangazi. Akaugeuzageuza kwenye mwanga. "Ukifungua duka la pili," alisema, "nitanyunyizia watu tu." Kisha akanipakulia wali.

Meza niliipakia kwenye mkokoteni, nikaifikisha kwa mjomba saa tano, wakati duka lake limejaa. Aliizunguka akitafuta mchubuko. Hakuuona.

"Kaa nayo bwana, hapa inanibania nafasi tu."

"Ahsante, mjomba. Nimechongesha yangu."

Alasiri ileile aliniletea orodha ya bei za mabati, imeandikwa kwa kalamu nyuma ya mfuko wa saruji, anataka nakala ishirini. Nilimchapia vizuri sana. Nilimtoza bei ya mteja yeyote, na akalipa.