Fundi wa Kasongo aliyemkatalia mteja prosesa kubwa

Saa mbili asubuhi, Aimée Feruzi ananyunyiza maji kwenye sakafu ya karakana yake ili vumbi litulie. Anafunga dirisha linalotazama barabara, ananawa mikono, anaifuta kwa ncha ya kikwembe, kitenge alichojifunga kiunoni, kisha anajifunga waya mwembamba kwenye kifundo cha mkono. Upande wa pili wa waya umefungwa kwenye nondo iliyozamishwa ardhini. Umeme mdogo unaojikusanya mwilini mwa mtu, anasema, unatosha kuua kifaa ghali bila mtu kusikia hata mlio.

Mbele yake upo ubao mama, ule ubao mkubwa ambao vifaa vyote vya kompyuta huchomekwa juu yake. Umesafiri wiki saba, kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, ukavuka ziwa hadi Kalemie, ukapita Kongolo na kuingia Kasongo mgongoni mwa mwendesha pikipiki. Aimée anaweka lenzi jichoni na kuinama. Mahali inapokaa prosesa, ubongo wa kompyuta, pana pini zaidi ya elfu moja na mia saba. Nne zimelala.

"Kuko mutu alifungua," anasema polepole. Kifuniko kinacholinda pini kiliondolewa mahali fulani njiani, kikarudishwa kwa nguvu.

Kwenye benchi karibu na mlango ameketi mwenye kompyuta, Ismaël Assani, mfanyabiashara wa mchele na mawese kutoka Kabambare. Amekaa siku mbili juu ya pikipiki, mvua ikimnyeshea, ili aione ikiwaka.

"Imekufa?" anauliza.

"Bado, papa Ismaël. Usinisemeshe kwanza."

Anachukua sindano ya kushonea. Anaisogeza chini ya pini ya kwanza na kuiinua kidogo, anapumzika, anaiinua tena. Pini ikivunjika, ubao wote ni wa kutupa, na kuagiza mwingine ni wiki saba nyingine. Kazi hiyo ya pini nne inamchukua dakika hamsini. Anapoweka lenzi mezani, shingo yake imekakamaa hata hawezi kugeuka kumtazama mteja wake.

Aimée ana umri wa miaka 36 na watoto watatu. Mjini Kasongo wengi wanamfahamu kama mama wa simu. Alianza kwa kuchapa barua na maombi ya kazi katika sekretarieti ya mtaani, akawa anafungua kompyuta za ofisi hiyo kila zilipogoma, mpaka mwenye ofisi akaacha kuita mafundi wengine. Mwaka 2017 alipanga chumba chake mwenyewe. Kwa wiki nzuri anabaki na dola ishirini hivi baada ya kulipa kodi na chakula.

Lakini wapo pia wanaomkumbuka kwa jambo jingine. Mwaka 2021 alimtengenezea Marcellin, mwenye duka la vipuri mjini humo, kompyuta yake ya kwanza ya michezo. Fedha hazikutosha vitu vyote, kwa hiyo Aimée alinunua prosesa yenye nguvu na kuiweka juu ya ubao mama wa bei ya chini. Ilifanya kazi siku kumi na sita. Siku ya kumi na saba, katikati ya mchezo wa mbio za magari, ikazimika na harufu ya kuungua ikajaa nyumba.

Marcellin aliibeba begani mchana kweupe, akaiweka juu ya meza nje ya karakana, watu wakitazama. "Mama, mashini yako imekufa," alisema, akaondoka.

Aimée alimrudishia kila alichopokea. Miezi mitatu hakuna aliyemletea hata simu ya kubadilisha kioo. Alichajia watu betri na kuuza maandazi ya mama yake mzazi, Marie-Thérèse. Jioni jioni aliufungua ule ubao uliokufa na kuuchunguza. Akaona vifaa vidogo vinavyopeleka umeme kwenye prosesa vimekuwa vyeusi. Vilikuwa vichache, tena havikuwa na bati la kuvipoza.

"Nililia," anasema. "Si juu ya zile feza. Nililia juu nilikuwa naweza kuona mbele, na sikuangalia."

Ndiyo maana Ismaël alipofika mara ya kwanza, Januari iliyopita, mazungumzo yao yaliharibika mapema. Alitaka kufungua ukumbi wa michezo ya kompyuta Kabambare, ambako vijana wakitoka shambani au kwenye machimbo hawana pa kukaa ila vibanda vya pombe. Alikuwa ameuza pikipiki yake moja kati ya mbili. Alitaka kompyuta moja kali, iunganishwe na projekta, mashindano yaanze.

"Miye nataka prosesere ile kubwa kuliko zote," alisema. "Ya viini kumi na sita. Karte-mère utafute yoyote. Ile ni ubao tu."

Viini ni zile sehemu ndani ya prosesa zinazofanya hesabu. Aimée alimwambia kwamba kwa michezo aliyoitaja, prosesa ya viini vinane yenye kumbukumbu kubwa ya ndani ingekimbia vizuri zaidi, tena kwa umeme mdogo.

"Kumi na sita inapita munane, ama hapana?"

"Inapita. Lakini mchezo hautumie yote. Ni kama kulipa watu kumi na sita shambani, munane walime, munane wakae tu kukula."

Ismaël hakucheka. Alisema yeye ndiye anayelipa. Aimée, ambaye wakati huo hakuwa na kazi nyingine kubwa wala dalili ya kuipata, alifunga daftari lake.

"Kama ni vile, papa, tafuta fundi mwingine. Miye sitaweka mukono yangu pale tena."

Ismaël akaondoka. Zikapita wiki mbili. Marie-Thérèse alimwuliza binti yake kama amepata wazimu, kumfukuza mtu mwenye fedha mkononi. Aimée anakiri kwamba usingizi ulimpaa.

Aliyemrudisha Ismaël ni Marcellin. Ismaël alikwenda dukani kwake kununua mnyororo wa pikipiki, akamwuliza kama ni kweli huyo mama aliwahi kuunguza kompyuta.

"Ni ya kwangu aliunguza," Marcellin anakumbuka alivyomjibu. "Na alinirudishia yote, hata senti haikubaki. Huyu hawezi kukosea mara mbili pahali pamoja. Wengine watakosea, na watakukimbia."

Kesho yake asubuhi Ismaël alikuwa mlangoni kwa Aimée. "Sema vile unataka," alimwambia.

Alichotaka kwanza kilikuwa kwenda Kabambare. Alipanda pikipiki na Pitchou, dereva anayemwamini, wakavuka mto Luama, wakasukuma pikipiki matopeni mara zisizohesabika. Huko alipanda juu ya paa la ukumbi, akahesabu paneli za sola, akapima betri na kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani. Akawasha projekta, taa na feni kwa pamoja, akaketi na saa mkononi.

Hesabu ilikuwa wazi. Prosesa ya viini kumi na sita ingeweza kula zaidi ya wati mia mbili peke yake, na betri zingezimika kabla ya mashindano kufika nusu. Ile ya viini vinane isingefika mia na hamsini. Akamwonyesha Ismaël namba, naye akazisoma mara mbili, akakubali.

Fedha iliyookolewa kwenye prosesa Aimée aliipeleka kwenye ubao mama. Alitafuta wenye mabati mazito juu ya vifaa vya kupeleka umeme, wa aina ambayo itapokea hata prosesa za miaka inayokuja. Akasisitiza jambo moja ambalo muuzaji wa Dar es Salaam alilishangaa: lazima uwe na kitufe cha nyuma cha kusasisha programu inayouamsha ubao, hata kama prosesa haifanyi kazi.

"Alisema kile kitufe ni cha watu wa wasiwasi," Aimée anasema. "Nikamwambia, miye niko wa Kasongo. Kama ubao haujue prosesere yangu, nitaazima ingine kwa nani?"

Na hicho ndicho kinachotokea asubuhi hii, baada ya pini kunyooka. Prosesa imekaa mahali pake, dawa ya kupitisha joto imepakwa, feni imefungwa. Aimée anabonyeza kitufe cha kuwasha. Feni inazunguka. Kioo kinabaki cheusi.

Ismaël anasimama. "Ee Mungu."

"Kaa, papa."

Taa ndogo nyekundu kwenye ubao inamwambia kwamba prosesa haitambuliwi. Ubao ulitoka kiwandani kabla ya prosesa hiyo kuingia sokoni. Aimée anachukua simu na kupanda hadi kilimani, ambako mtandao hushika vizuri zaidi. Faili la kusasisha programu ya ubao ni dogo, lakini linakatika mara tatu; la nne linaingia. Anarudi akiwa amelowa jasho, analihamishia kwenye flashi, analibadilisha jina kama kitabu cha maelekezo kinavyotaka, anaichomeka nyuma ya ubao na kushikilia kile kitufe sekunde tatu.

Taa inaanza kupepesa. Umeme wa betri za karakana ukikatika sasa, ubao unaweza kufa kabisa, kwa hiyo amezima taa, redio na simu zote za wateja zilizokuwa zikichaji. Inapepesa dakika sita. Aimée amesimama mikono nyuma, kama mtu anayejizuia kugusa.

Taa inazimika. Anawasha tena. Kioo kinakaa cheusi, kinakaa, halafu maandishi meupe yanatokea, na katikati yake jina la prosesa na idadi ya viini: vinane.

Ismaël anapiga makofi, kisha anajifunika uso kwa viganja. Aimée hasherehekei bado. Anaweka mchezo mzito na kuuacha saa tatu mfululizo, akisoma joto kila robo saa na kuliandika. Halipandi kupita nyuzi sabini na nane.

Mashindano ya kwanza Kabambare yalifanyika Jumapili mbili baadaye. Walikuja wachezaji thelathini na wawili. Wengine walitembea kwa miguu kutoka Wamaza. Aliyeshinda ni Victoire, mshona nguo wa miaka 22, ambaye alikuwa hajawahi kushika kompyuta hadi wiki hiyo. Betri zilihimili kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Kila Jumapili tangu hapo ukumbi umejaa.

"Nilikuwa nataka kushangaza watu," Ismaël anasema. "Yeye alikuwa anataka iendelee kuwaka. Yeye ndiye alikuwa na haki."

Sasa Aimée ana maagizo ya kompyuta mbili zaidi mjini Kasongo, na ombi kutoka Lusangi ambalo bado hajalijibu, kwa sababu hajaona betri zao. Kiangazi kikianza anataka kwenda Kalemie mwenyewe kuchagua vifaa na kuvibeba asimwachie mtu njiani. Amekwisha kupanga chumba cha pili, kando ya karakana, na kununua meza nne. Wanawake watano wamejiandikisha kujifunza kwake, na Victoire ametuma ujumbe kuuliza kama kuna nafasi ya sita.

Aimée amemwambia aje.

"Leo mutu akiuliza nani anajua mashini Kasongo, wanamujibu kuko mama moja kule chini," anasema, akipangusa meza mpya ambazo bado zina unga wa msumeno. "Sipendi vile. Miye nikiwa mugonjwa, watu watapeleka kwa nani? Nataka siku moja mutu aulize, na ule anamujibu aulize naye: unatafuta mama gani, maana wako wengi."