Nilivyopanda Edamame Nyuma ya Jikoni

Nilifika miaka arobaini na minne kabla mama yangu hajaniachia hata futi moja ya shamba. Si kwamba ni mchoyo. Ananijua. Mimi ni mtu wa nyumba: natengeneza redio na pasi barazani, wateja wananifuata wenyewe, na siku nikitoka na kurudi jioni mbwa wetu hunibwekea kama mgeni. Mama husema Mungu alinipa mikono miwili, mmoja wa kushika chai na mwingine wa kushika andazi.

Hilo andazi ndilo lililoleta mambo. Nesi alinipima damu, akaniambia imejaa mafuta, nipunguze nyama na vitu vya kukaanga. Wikendi hiyo binti yangu, anayesomea lishe Nairobi, akaja nyumbani na pakiti iliyoganda kama jiwe. Ndani mlikuwa na maganda ya kijani yenye manyoya, kama vidole vya mtoto aliyezaliwa mapema.

“Baba, hii ni edamame. Ni soya, ila inavunwa ikiwa bado changa.”

“Soya ile ya kunywa?”

“Hiyo hiyo. Iko na protini kamili, karibu kama nyama. Iko na nyuzinyuzi za kukushibisha, madini ya chuma, na mafuta yake si yale mabaya. Lakini si dawa, baba. Usiiongeze juu ya chakula chako. Ikae mahali pa kitu kingine.”

“Mahali pa nini?”

Akaangalia sahani yangu, mandazi manne na mfupa wa jana, akaivuta upande wake.

Alizichemsha dakika chache, akazinyunyizia chumvi kwa ubahili, akaanza kunieleza namna ya kula. Hapo nikamnyamazisha. Mkamba aliyelelewa kwa mbaazi mbichi hafundishwi kufyonza ganda. Nilizila hadi nikashtuka. Utamu wake uko katikati ya njegere na njugu zilizochemshwa, na baada ya bakuli moja tumbo linatulia, halisumbui mtu. Kufikia Jumatano yalibaki maganda kumi na tisa kwenye friji.

Sasa, kupata nyingine ilikuwa lazima niende Nairobi. Nairobi iko na watu. Nikakaa, nikafikiri kama mtu aliyemaliza kidato cha nne: maharagwe ni mbegu, mbegu hupandwa, na mvua ya Novemba ilikuwa imeshaanza kunukia upande wa milimani.

“Mwaitu,” nikamwambia mama, “nigawie kile kipande nyuma ya jikoni.”

Aliweka ungo chini. Pale ndipo anapopanda mbaazi zake kila mwaka, udongo mzuri kuliko wote tulio nao.

“Wewe? Na jembe? Utalishika upande upi?”

“Nataka kujilimia chakula cha afya.”

Alicheka hadi akakaa. Kisha akafuta macho kwa leso, na nikaona anapima neno. “Sawa. Nakupa msimu huu mmoja. Kikizaa, ni chako mpaka nife. Kisipozaa, narudisha mbaazi zangu na usiniombe udongo tena. Hata wa kupanda ua.”

Watu watacheka, lakini usiku huo sikulala vizuri. Ndugu zangu wote walipewa vipande vyao wakiwa vijana. Mimi nilipewa rimoti.

Niliziacha edamame ziyeyuke, nikazimenya, nikapanda mbilimbili kwa mistari iliyonyooka kwa uzi wa redio. Mama akaja kukagua. Akaokota moja, akaibonyeza kwa kidole gumba, ikabonyea.

“Mbegu laini hivi?”

“Ni ya kisasa.”

Akairudisha shimoni na kuifukia kwa mguu, kwa adabu sana, kama anayezika kuku wa jirani.

Mvua ikanyesha. Siku ya nane nikatoka na chai yangu, nikaona kijani! Nilipiga ukelele, mama akadhani nimeumwa na nyoka. Kweli, hazikuwa zimeota kwenye mistari. Zilikuwa huku na huku, nyingine katikati ya njia. Nikajiambia ni tabia ya mbegu za supamaketi, zimezoea kujichagulia mahali.

Basi nikawa mkulima. Nilipalilia asubuhi na jioni, mgongo ukanikaza, na pasi za watu zikalala barazani. Hata jirani yetu muuza mbuzi alipoleta redio yake, nilimtembeza shambani kwanza.

“Fundi, hii ndiyo nini?”

“Protini,” nikamjibu. “Hapa unaona nyama, bila mbuzi.”

Aliinama, akaangalia majani, akaniangalia mimi, akamwangalia mama aliyesimama mlangoni. Mama akatikisa kichwa kidogo tu.

“Mashallah,” akasema yule bwana. “Basi niwauze wote nije tulime pamoja?”

“Fikiria.”

“Nitafikiria. Redio yangu lini?”

Wiki ya nne nikalipiga picha shamba na kumtumia binti yangu. Simu ikalia hapo hapo.

“Baba, ulipanda zile za pakiti?”

“Zote. Angalia zilivyonenepa.”

“Baba, zile huchemshwa kidogo kiwandani kabla ya kugandishwa. Hata nyuma ya pakiti wameandika. Ulipanda chakula.”

“Na hii ninayoona ni nini?”

Akaangua kicheko. Nikazunguka jikoni mbio. Mama alikuwa ameinama katikati ya edamame zangu na kikapu, anachuma majani.

“Mwaitu, hii ni nini?”

“Kunde. Si nilianika zangu hapa msimu uliopita? Zilimwagika.” Akanyanyua macho. “Umri wote huo, huijui kunde?”

“Naijua ikiwa imekatwakatwa.”

“Aiya!”

“Ulijua tangu lini?”

“Tangu zilipotoa majani mawili.”

“Na ukanyamaza mwezi mzima?”

“Ulikuwa unapalilia,” akasema. “Nani humwambia mtu anayepalilia aache?”

Nilikaa kwenye tuta. Nilijua kitakachofuata, nikaona heri nijisemee. “Basi kipande kimerudi kwako. Edamame haikuota hata moja.”

Mama aliinama tena. Alipitia shina baada ya shina, akitafuta magugu, akakosa hata moja. Nakwambia alitafuta kweli, hadi chini ya majani, kama nesi anayetafuta mshipa.

“Tulisema kikizaa,” akasema mwisho. “Hatukusema kizae nini. Na kimezaa. Lakini mbegu ni yangu na kupalilia ni kwako, kwa hivyo tunagawana nusu kwa nusu.”

Nikainuka haraka. “Nusu yangu ni ipi? Ya juu au ya chini?”

“Yako,” akasema, akinikabidhi jembe kwa upande unaofaa, “ni ile ya kupalilia.”