Baba wa Suti Nyeupe

Onésphore alikuwa mtafsiri wa filamu katika kibanda cha video kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Picha ikikimbia ukutani, yeye alishika maikrofoni akawasemea wote, majambazi na askari, kwa Kiswahili cha Kongo. Kila mhusika asiye na jina alimbandika jina la mtu wa kwao Uvira. Wateja walimpendea hilo.

Filamu moja ya zamani ilikuwa na bendi iliyopiga rumba hotelini. Mpiga gitaa wake, mwenye suti nyeupe, Onésphore alimwita Boris, jina la marehemu baba yake, aliyepigia gitaa bendi ya Orkesta Kalimabenge. Akamwita hivyo kwa miaka tisa.

Jumamosi moja Nabei, muuza chai wa mlangoni, alimuuliza, "Baba yako alikuwaje hasa?"

"Mrefu, suti nyeupe, ua kifuani. Akipiga, anafumba jicho moja."

Nabei akaangua kicheko. "Huyo tumemwona sote! Si yule wa filamu?"

Onésphore aliiacha chai yake mlangoni, akaondoka. Usiku ule hakulala. Alisubiri kibali cha kusafiri wiki tatu, akaenda mjini Lodwar kumuuliza dada yake, Céline, muuza vitenge. Baba alipofariki, Céline alikuwa na miaka kumi na miwili, yeye sita.

"Suti nyeupe?" Céline alicheka. "Mdogo wangu, baba alivaa kaptula! Na alipiga ameketi, mguu ukimuuma."

"Nami nilikuwa wapi?"

"Mgongoni kwangu, umelala, unanimwagia udenda."

Akamwimbia wimbo wa bendi ile. Onésphore aliujua wote. Alijua gitaa la kwanza linapouliza, la pili linapojibu, na la baba linapoingia kuwachokoza wenzake. Vidole vyake viligonga meza bila kukosea hata pigo moja. Basi akafumba macho, akaweka kiti mawazoni, akaweka mguu mbovu na kaptula. Mara suti nyeupe ikatokea tena, inatabasamu, ua kifuani.

"Imba tena, dada."

"Mara ya nne hii! Wateja wananikimbia."

"Kaptula ilikuwa ya rangi gani?" Sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyokusudia.

"Kaki," Céline alisema upesi. Kisha akakunja uso. "Au bluu? Ngoja... ilikuwa..."



Céline alianza kukunja vitenge vilivyokwisha kukunjwa. "Basi, usiniulize zaidi. Utaniharibia hata baba ninayemkumbuka mimi."