Mzee Aliyetoka Busia kwa Miguu

Jumanne mvua ilinifungia pamoja na wateja wengine kwenye hoteli moja ya chai huku Kawangware. Akaingia mzee aliyelowa chapachapa, mkoba mgongoni, viatu vimefungwa kwa kamba ya katani. Alisimama mlangoni akikamua kofia yake, kana kwamba anaogopa kuharibu sakafu ya udongo.

"Umetoka wapi, mzee?" mama mwenye hoteli akamuuliza huku akimmiminia chai.

"Busia. Kwa miguu."

Tukacheka. Yeye hakucheka. Alisema anaelekea Mombasa, vilevile kwa miguu. Tangu mkewe afariki, nyumba ilikuwa imenyamaza mno, akaona heri atembee.

"Na huko Mombasa uko na nani?"

"Sina mtu."

Hapo kila mmoja wetu akatazama kikombe chake. Mzee akamaliza chai upesi, akavaa mkoba. Mvua ilikuwa bado inapiga mabati. Nami, kwa adabu zangu za mjini, nikamwambia, "Safari njema, mzee."

Mama akaweka birika chini. "Safari gani na hii mvua? Kaa hapa."

Mzee akabaki ameshika mkanda wa mkoba. "Tangu Busia," akasema polepole, "kila mtu ananiambia safari njema. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia nikae."

Akaketi, akajifunika uso kwa ile kofia.

Jioni nilifungua kufuli ya chumba changu, nikasimama gizani kidogo. Miaka minne nimepanga hapa, na nimewaaga watu wengi kwa heshima. Sikumbuki hata mmoja niliyemwambia akae.