Kiti cha Nyuma cha Mzee Oloo

Wakenya wenzake wa Campbelltown, pembeni mwa Sydney, hawakumwelewa Peninah hata siku moja. Nesi mzima, mwenye akili zake timamu, anapandaje ndege isiyo na injini? Yeye alicheka tu. Kila Jumamosi akiwa na ofu ya kazini alikwenda kwenye kiwanja kidogo nje ya mji, ndege yake ikafungwa kamba nyuma ya nyingine yenye injini, akavutwa mpaka juu, kisha akaiachia kamba na kuelea. Huko juu hakukuwa na mgonjwa wala kengele ya mashine.

Aliyemfundisha ni Mzee Oloo, fundi wa ndege mstaafu, mwenye tumbo kubwa na maneno machache. Yeye alikaa kiti cha nyuma, Peninah mbele, kila mmoja chini ya kifuniko chake cha kioo. Kabla ya kuruka, Peninah alitakiwa kukagua kila kitu kwa sauti huku akikigusa: mikanda, usukani, breki, makomeo ya vifuniko. Akisahau kitu, Mzee hakumkaripia. Aligonga ubavu wa ndege kwa kidole, ko ko, akangoja.

"Watu hawafi huko juu," alizoea kusema. "Wanakufa hapa chini, kwa haraka ya kuondoka. Ukiwa na wasiwasi, achia kamba."

Agosti 2021 korona ilimleta Mzee kwenye wodi ya Peninah mwenyewe, na akafariki katika zamu yake. Mazishini waliruhusiwa watu kumi tu. Peninah hakuwa mmoja wao.

Oktoba, Sydney ilipofunguliwa, alirudi kiwanjani kuruka peke yake kwa ndege ileile. Alikuja na kofia ya Mzee, aliyopewa na binti wa marehemu. Mzee mwenyewe asingekubali. Kitu kikizagaa ndani ya ndege kinaweza kukwamisha usukani. Lakini Peninah hakuwahi kumuaga kaburini, na moyo haukusikia la mtu. Aliiweka kofia kwenye kiti cha nyuma, akapitisha mikanda juu yake, akaikaza mpaka mwisho. Kisha akateremsha kifuniko cha nyuma taratibu, kama alivyofunga mlango wa chumba cha Mzee kule wodini, akaenda kukaa mbele.

Akaanza kukagua. Mikanda. Usukani. Breki.

"Vifuniko vimefungwa," alisema, mkono ukiwa kwenye komeo la mbele.

Ko ko.

Sauti ilitoka nyuma yake. Ndege ilikuwa imetulia kabisa. Alijiambia ni uchovu wa zamu, akatoa ishara. Balthazar, Mkongo wa klabu ya ndege, aliinua ncha ya bawa ili ndege isimame sawa, na kamba ikaanza kukaza.

Ko ko. Safari hii kwa nguvu, kama mtu aliyeishiwa subira.

Peninah alivuta mpini wa manjano wa kuachia kamba. Kamba ilianguka nyasini, na ndege ya mbele ikaenda zake bila yeye.

Balthazar alikuja mbio, akainama kwenye kiti cha nyuma.

"Dada, hii vitre, hii kioo ya nyuma, haikufungwa," alisema. "Ungeruka hivi, upepo ungeing'oa. Ungekufa."

"Ni wewe uliyegonga?"

"Kugonga nini? Mimi nilikuwa kule mwisho ya bawa."

Bawa lile lilikuwa na urefu wa karibu basi zima. Peninah aliteremka, akafungua kifuniko cha nyuma. Kofia ilikuwa palepale. Mikanda nayo ilikuwa imefungwa, lakini haikuwa imekazwa tena. Ilikuwa imelegezwa kiasi cha kumtosha mtu mwenye tumbo kubwa.

Barakoa yake ililowa machozi.

"Shuka, Mzee," alisema Peninah. "Nimesikia."

Akaitoa kofia, akampa Balthazar amshikie. Akaikaza mikanda kwenye kiti kitupu, akateremsha kifuniko, akasukuma komeo mpaka likalia. Kisha akaenda mbele na kukagua upya, kwa sauti, tangu mwanzo. Alipofika kwenye vifuniko alinyamaza, akasikiliza.

Hakuna aliyegonga.