Gari Likifa, Tunarudi

Harufu ya kulanti, yale maji ya kupozea injini, ikichemka ni tamu. Watu wengi hawalijui hilo, kwa kuwa watu wengi wamejaliwa magari mazima. Mimi niliijua nikiwa na miaka kumi na miwili, hapa hapa Guangzhou, katika ile miezi ya mwanzo wa mwaka ambapo kuta za nyumba hutoka jasho, nguo hazikauki hata uzianike siku nzima, na viatu vya ngozi huota ukungu wa kijani kabatini. Harufu hiyo ilipenya kwenye matundu ya kiyoyozi cha gari letu, ikachanganyika na pilau ya Mama, ungedhani kuna mtu anachemsha shira ya kaimati chini ya boneti. Wageni wa Baba waliisifu. "Mnatia manukato gani humu?" waliuliza, na Baba alicheka kicheko kifupi cha mtu asiyetaka swali la pili. Sisi wenye gari tuliponusa utamu ule tuliutazama mshale wa joto wote watatu.

Lilikuwa gari kubwa la familia, la milango minne, refu kiasi kwamba matako yake yalizidi mstari wa maegesho kila tulipoliegesha. Puani lilivaa nembo ya Kimarekani, kadi yake iliandikwa Kichina, lakini lilikuwa limeundwa Australia na kuletwa huku kwa meli lingali jipya, miaka mingi kabla yetu. Baba alilinunua kwa laoban mmoja, yaani bosi, mwenye kiwanda cha vitambaa, ambaye alishalichoka. Usukani ulikuwa kushoto kama sheria ya China inavyotaka, ila waipa zilibaki zimepangwa kwa ajili ya dereva wa kulia, hivyo mvua ikinyesha kulikuwa na kipande cha kioo mbele ya Baba kisichofutwa kamwe. Aliendesha ameinamia katikati kama mtu anayesikiliza umbea. "Hili si la hapa," aliwaambia wateja kutoka Dar, akiligonga dashibodi. "Hili la Australia. Mgeni kama sisi." Na kweli lilikuwa na tabia za mgeni. Kila duka la vipuri tulilokwenda, mimi nikitafsiri, muuzaji aliangalia kile kipande kibovu mkononi mwa Baba, akatikisa kichwa, akasema "meiyou," hakuna. Gari lilikuwa na ndugu zake waliounganishwa China, wenye sura ileile, lakini vipuri vyao vilipungua kidogo hapa na kuzidi kidogo pale. Baba hakukata tamaa. Jumamosi alitandika boksi chini, akaingia uvunguni na tochi mdomoni, na alipotoka amepakaa oili mpaka masikioni alisema mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kazi yake ilikuwa uwakala. Aliwapokea wafanyabiashara uwanja wa ndege, akawazungusha Barabara ya Zhanqian kwa nguo za jumla, akawapeleka Shahe kwa zile za bei ya chini, kisha Kangle kwa vitambaa, na mwisho wa yote akawafungia mzigo kwenye kontena. Bila gari hakukuwa na Baba. Ndiyo maana kile alichokisema mwaka wa kwanza tuliofika, jioni waliyogombana na Mama juu ya lini tutarudi Magomeni, nadhani alikisema kwa kujitapa tu. "Gari hili likifa," alisema, "tunarudi." Mama aliweka mwiko chini akajibu, "Ahadi ni deni, Baba Zuhura. Mtoto amesikia." Mtoto alikuwa mimi, na tangu siku hiyo sikulala usingizi wa maana.

Sikutaka kurudi. Niliondoka Dar mdogo mno, na Magomeni kwangu ilikuwa sauti ya Bibi kwenye simu, ikikatikakatika, ikinikumbusha kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hapa nilikuwa na shule, nilikuwa na rafiki niliyegawana naye dawati, nilijua kichochoro kipi cha Kangle kinapita pikipiki za mizigo na kipi kinatoa maandazi ya mvuke. Niliogopa kwenda kuwa mgeni mahali ambapo kila mtu angenitaka niwe mwenyeji. Kwa hiyo asubuhi nilibaki kitandani roho juu, dirisha wazi, nikisikiliza Baba akipiga stata huko chini. Injini ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena. Ilipowaka nilipumua. Nilijifunza kutofautisha mlio wa mkanda unaolia kwa unyevu na mlio wa pampu ya maji iliyochoka, na nakiri kwamba hata leo nikipita karibu na gari lolote kuukuu masikio yangu husimama yenyewe.

Mama naye hakutulia. Nyuma ya mlango wa chumba chao kulikuwa na sanduku lililofungwa, lina zawadi za nyumbani: chupa za chai, mashuka, magauni ya watoto wa dada zake. Mara kwa mara alilifungua, akapima kwa macho, akatoa gauni ambalo mwenyewe huko nyumbani alikuwa ameshalizidi kimo, akaweka kubwa zaidi, akalifunga tena. Alituambia kila siku kwamba hapa amechoka, lugha haijui, baridi yake si baridi na joto lake si joto. Hapo hapo alikuwa akipika. Alianza kwa kuwafuturisha wafanyabiashara wachache mwezi wa Ramadhani, na Ramadhani ilipokwisha walikataa kumwachia. Pilau, chapati, maharage ya nazi, vyote vikapakiwa kwenye hotpoti, hotpoti zikapangwa kiti cha nyuma, naye akakaa katikati yake kama mlinzi wa harusi, Baba akiendesha. Nilimtafsiria kwa bucha wa Kiislamu aliyetuuzia nyama ya mbuzi, Mama amesimama kimya amekunja mikono. Siku za shule nyama ilifika nyumbani vilevile, tena sehemu nzuri ya paja, na mimi, kwa werevu wangu wote, sikuwahi kujiuliza aliinunuaje.

Msimu ule mambo ya Baba yalianza kwenda kombo. Wateja wake walikuwa wamejifunza kuagiza kwa simu moja kwa moja kiwandani, na aliyekuwa akija mara nne kwa mwaka sasa alituma salamu. Baba alizunguka mjini na gari tupu. Aliacha kutandika boksi Jumamosi. Mama alimwambia kuhusu lile tone la kijani lililoonekana kila asubuhi sakafuni chini ya rejeta. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema, naye akajibu, "Kesho," kwa sauti ya mtu aliyesahau kesho ni nini. Nilianza kushuka mapema kabla ya shule, nikifungua boneti na kuongeza maji kwa chupa. Mara mbili tatu nilikuta maji yamejaa tayari mpaka shingoni. Nilifikiri ni Baba, nikafurahi, nikaenda shule nikiruka.

Gari lilichemsha Jumamosi moja mchana, mvua inanyesha, tukitoka Shahe kuelekea Zhanqian na chakula cha watu. Tulikuwa juu ya daraja. Ule utamu uliingia ghafla mpaka ukakaba koo, mshale ukapanda ukalala kabisa upande wa pili, na moshi mweupe ukafunika kioo chote, kile kipande kilichofutwa na kile kisichofutwa. Baba akalivuta pembeni. Bredauni ilituvuta mpaka kwenye gereji ya kichochoroni nyuma ya Kangle, kwa fundi tuliyemwita Shifu, maana ndivyo mafundi wanavyoitwa hapa kwa heshima, na hatukuwahi kumjua kwa jina jingine. Shifu alifungua kifuniko cha oili, akachovya kidole, akatuonyesha. Oili ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Akajifuta, akanigeukia mimi kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa mdomo wa Baba, akasema polepole kwamba gasketi imeungua, pengine silinda hedi nayo imepinda, gari ni zee, vipuri vyake taabu, na lingekuwa la baba yake mzazi angelipeleka skrepa leo hii.

"Anasemaje?" Baba aliuliza.

Maneno yote nilikuwa nayo, Kichina chake na Kiswahili chake, yamekaa ulimini. Hayakutoka. Nilijua nikiyasema nitakuwa nimetamka safari. Nikamtazama Baba nikitegemea kuona hofu kama yangu, nikaona mabega yake yameshuka kama ya mchukuzi aliyetua gunia. Alikuwa ameshaelewa. Alingoja tu lisemwe na mtu mwingine, na macho yake yaliniomba niliseme upesi. Hapo ndipo nilipojua kwamba miezi yote ile, wakati mimi naliombea gari uhai, Baba yangu alikuwa akilingojea kifo.

"Buxing," sauti ikasema nyuma yetu. Haiwezekani.

Mama alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, hotpoti mapajani, mtandio umelowa. Akaendelea kwa Kichina, Kichina cha sokoni, kisicho na adabu za shule, kilichokatwakatwa kama nyama ya bucha. Fungua, alimwambia Shifu. Tazama. Tengeneza. Skrepa haiwezekani. Siku ngapi? Shifu alicheka akasema wiki mbili, dada mkubwa. Wiki moja, Mama akasema. Siku kumi, Shifu akasema, na Mama akatikisa kichwa kukubali. Mimi na Baba tulisimama katikati yao kama watalii.

"Mama Zuhura," Baba alisema, "tangu lini?"

"Tangu mke wa bucha alipochoka kuningoja nimletee mtoto wa kutafsiri, akanifundisha."

"Si wewe unayetaka kurudi? Kila siku kurudi, kurudi! Ahadi ni deni, ulisema mwenyewe. Haya, gari hilo limekufa, litazame."

"Nataka kurudi," Mama alisema, "na nitarudi. Lakini sitatolewa mjini na rejeta. Unadhani nani amekuwa akilitilia maji alfajiri? Siku nitakayoondoka nitakuwa nimeamua, sijakwama. Na wewe, Baba Zuhura, kama umechoka, sema umechoka. Usimsingizie huyu Mwaustralia wa watu."

Baba akavuta tairi jingine, akaketi kando yake, akasema, "Nimechoka." Sikuwahi kumsikia akisema vile, wala sikujua kwamba mtu mzima anaweza kusema hivyo na dunia ikaendelea. Mama alifungua hotpoti, akampakulia pilau kwenye kifuniko, akampakulia na Shifu, na mimi nikapewa ukoko, ambao ndio nilioupenda. Nililia nikila, kwa furaha kwamba tunabaki na kwa uchungu wa uso wa Baba, na sikujua lipi ni lipi.

Siku kumi zilikuwa nyingi zaidi ya kumi, kama siku za mafundi popote duniani. Mama alisukuma hotpoti zake kwa kitoroli mpaka kwenye treni ya chini ya ardhi, ambako walinzi walimfungulisha kila kifuniko, wakanusa, na baada ya wiki wakawa wanauliza leo ni nini. Gari lilirudi likinguruma kwa adabu. Baba hakuwa tena wakala hata kwa jina. Alimwendesha Mama, akaandika oda, akajifunza kukatakata vitunguu, na alicheka zaidi. Tuliishi hivyo miaka miwili. Halafu asubuhi moja baada ya sala ya alfajiri, hakuna aliyeugua, hakuna kilichoharibika, injini imewaka mara ya kwanza bila kukohoa, Mama akasema, "Sasa." Shifu ndiye aliyelichukua gari, na ndiye aliyetupeleka nalo uwanja wa ndege. Niliinamia mgongo wa kiti cha mbele njia nzima nikitafuta harufu tamu. Haikuwapo. Lilikwenda vizuri kupita siku zote, na nililichukia kwa hilo.

Nilichokiogopa kilinikuta: Magomeni waliniita Mchina mpaka nilipomaliza shule. Nikarudi huku kwa ufadhili wa masomo, na sasa ni mkalimani wa wanunuzi, kwenye vichochoro vilevile vya Kangle, ambavyo vingine vimeshachorwa ile alama nyekundu ya kubomolewa. Gereji ya Shifu ni duka la simu. Teksi zote ni za umeme. Zinawaka bila sauti, hazinuki, hazichemshi, na abiria hajui lolote linaloendelea chini ya boneti. Wakati ule nilikuwa na mlio wa kusikiliza kila asubuhi, nikajua tunabaki. Sasa sina. Naona nimejitafutia badala yake bila kukusudia: nimesema mkataba huu ukiisha nitarudi, ukaisha, wakauongeza, nimesema kodi ikipanda, ikapanda, nikalipa. Sanduku liko nyuma ya mlango wangu pia, na magauni ya zawadi yaliyomo wenyewe wameshayazidi kimo.

Juzi Mama alipiga simu kutoka Magomeni, Baba akisikika nyuma akilalamikia vitunguu. Aliniuliza lile la siku zote, unarudi lini, nami nikamjibu kwa kumtania kwamba nitajua, kama alivyojua yeye asubuhi ile.

"Mimi sikujua, mwanangu," alisema. "Gari lilikuwa zima, nyie mmetulia, nikaogopa kwamba tukingoja tena hatutaondoka kamwe. Nikasema sasa. Ningeweza kusema tunabaki. Ila mtu lazima aseme."

Baada ya simu nilikwenda nikalifungua sanduku, nikatoa magauni yote, nikayaweka kitandani. Kisha nikakaa kando yake na nikaanza, kwa sauti, kutafuta neno langu, narudi au nabaki.