Mbuzi Watatu wa Binti Kaisari

Nilikwenda Kalama na begi moja, chaja ya simu na kitabu cha Kiingereza chenye picha ya msichana aliyevaa joho la zambarau. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangojea matokeo, na mama alikuwa amechoka kunitazama nikilala kwenye kochi letu la Mlolongo mchana kutwa. "Enda usaidie susu yako," aliniambia. Kwetu, kwa Kikamba, susu ni nyanya. Kile kitabu alikinunua mwenyewe kwa muuza vitabu vya mitumba mjini Machakos, ili nisinune njiani.

Mimi ni mvivu. Nasema mapema ili msomaji asinidhanie mema. Siku ya pili tu nikagundua kwamba kumsaidia susu maana yake ni mwethya, yaani wanawake kumi na wawili wa kijiji wanaosaidiana kulima, shamba la huyu halafu la yule. Walikuwa wamefika kwa susu. Kazi ilikuwa kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko na kurusha mchanga upande wa juu wa mteremko. Matuta hayo huitwa fanya juu, na mtu yeyote aliyewahi kurusha mchanga kuelekea mlimani kwa beleshi anajua kwamba jina hilo halina huruma. Saa nne asubuhi mikono yangu ilikuwa na malengelenge. Saa tano nilikuwa kivulini, chini ya mgunga, nikisoma.

"Wewe msichana wa Mlolongo!" Mwenyekiti wa mwethya alikuwa mama mwenye sauti nzito, na kichwani alivaa kofia ya kampeni ya mwanasiasa aliyeshindwa zamani. "Hiyo kitu unasoma ni Biblia?"

"Hapana, mama. Ni hadithi ya binti wa mfalme."

"Mfalme wa wapi?"

"Bizanti. Ni zamani sana. Mji wao uliitwa Konstantinopoli."

"Walikuwa wanaomba Mungu?"

Nikamwambia walikuwa Wakristo kabisa, wenye maaskofu na uvumba. Wakatoliki waliridhika kwa sababu ya uvumba, na Waprotestanti wakausamehe.

"Basi tusomee," akasema. "Nyimbo tumeimba zote zikaisha."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya kukaa. Nilisoma kwa macho Kiingereza na kutamka Kiswahili cha Mlolongo, nikichanganya na Kikamba changu kibovu kila nilipokwama. Binti wa Kaisari alikuwa na miaka kumi na mitano. Alizaliwa katika chumba chenye kuta za zambarau, ambacho kazi yake ilikuwa moja tu, wake wa makaisari kujifungulia.

"Chumba mzima ya kuzaa!" mama mmoja akashangaa. "Mimi wa pili nilizalia kwa njia ya kwenda mtoni, na debe nikafikisha."

Baba wa binti alihitaji askari wa mfalme mmoja wa kaskazini, na ili awapate akamtoa binti aolewe naye. Wakampakia kwenye meli pamoja na masanduku ya hariri na uma wa dhahabu. Ule uma ulizua mjadala wa nusu saa, kwa sababu huko kaskazini watu walikula kwa mikono na binti akawa kichekesho cha meza nzima. Susu, ambaye hakuwa msemaji, aliinua kichwa kutoka mtaroni. "Akuje hapa na hiyo uma tumpatie muthokoi," akasema. "Hizo mahindi ataokota moja moja mpaka kesho."

Babu hakuwa akisikiliza. Alisema hivyo mwenyewe, bila kuulizwa. Alikuwa akichunga mbuzi wake kumi na mmoja, na mbuzi hao siku ya kwanza walikula kule bondeni, siku ya pili katikati ya mteremko, na siku ya tatu kando ya ua wa mkonge, hatua kumi kutoka nilipokaa, mahali pasipo hata jani.

Siku ya nne mwenyekiti alisimamisha jembe. "Ngoja. Huyo mfalme alipeleka ntheo?"

Ntheo kila Mkamba anaijua. Ni mbuzi watatu wanaopelekwa nyumbani kwa kina msichana. Mmoja anachinjwa huko huko, pande zote mbili zinakula, na hapo ndipo anapokuwa mke wa mtu. Bila hao, hata akizaa watoto kumi, bado ni binti wa kwao ambaye amekawia kurudi.

Nikatazama ukurasa. Kulikuwa na theluji, farasi na kanisa la mbao. Mbuzi hakuwepo. Nikijibu hapana, nilifikiri, watasema hakuna ndoa hapa, na pasipo ndoa hakuna hadithi, na pasipo hadithi nitarudishiwa beleshi. Nikatazama malengelenge yangu.

"Aliahidi," nikasema. "Mbuzi watatu. Lakini bado hawajafika."

Nilitarajia kelele, lakini wanawake kumi na mmoja waliacha kuchimba, na kila mmoja akatafuta kitu cha kutazama ambacho si susu. Susu peke yake aliendelea kurusha mchanga. Kule kwenye ua wa mkonge babu alikohoa, akaswaga mbuzi wake hadi bondeni.

Mwenyekiti alinichukua tukachote maji, akaniambia njiani. Susu hajawahi kupelekewa ntheo. Alitoroka na babu wakati babu alikuwa karani kwenye machimbo ya mawe Lukenya, akiandika malori yanayoingia na yanayotoka. Babu aliahidi kupeleka mbuzi mvua ikinyesha. Ilinyesha. Kukaja kiangazi, kukaja karo, kukaja mabati ya nyumba. Baba yake susu akafa, mama yake akafa, na sasa kwao amebaki kaka yake mkubwa, ng'ambo ya kilima, na kifua chake kibaya.

"Anataka kukaa kwa nyumba ya mamake siku moja tu, apeanwe vizuri, huyo ndugu yake akiona," mwenyekiti alisema. "Huyo akienda, nani atampeana? Na babu yako ako na mbuzi kumi na moja. Ukimuuliza anasema, mtu amekaa miaka hamsini, mbuzi ni ya nini?"

Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Nilimpenda babu, nilikula mayai aliyonifichia, na sasa sikutaka hata kumwona. Nilijionea aibu pia, kwa kuwa nilikuwa nimetonesha kidonda cha susu mbele za watu, na yote kwa kuogopa beleshi. Hasira na aibu vikikaa pamoja ndani ya msichana wa miaka kumi na minane, haviendi kuomba ushauri. Vinaenda kutafuta la kufanya.

Kesho yake mfalme wa kaskazini alizeeka ghafla. Goti lake la kulia likaanza kumsumbua msimu wa baridi. Akawa mtu mzuri, nilisema, mcheshi hata, ila alipenda mbuzi kuliko raia wake. Alikuwa nao kumi na mmoja. Mmoja alikuwa amevunjika pembe ya kushoto, na huyo ndiye aliyelala chini ya dirisha la mfalme ili mfalme amsikie akipumua.

Mama mmoja alikaa chini mtaroni, akashika mbavu kwa kicheko. Mwingine aliuma leso. Sikuwatazama, nikaendelea na sura ya msomaji mwaminifu. Binti Kaisari, nikasema, kila jioni hupanda mnara akatazama kusini, ambako kaka yake anaumwa. Anakaa meza kuu na taji kichwani, na kila tonge linamkaa kooni, kwa sababu bado ni mgeni.

Babu alipita katikati ya wanawake bila salamu, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Akanyoosha mkono. "Leta hiyo kitabu."

Nilikuwa nimesahau ukarani wake. Alivaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akasoma Kiingereza polepole, neno kwa neno, midomo ikitembea. Akafunua ukurasa. Akasoma na huo.

"Sioni mbuzi hapa."

"Wako mbele, babu."

"Mbele wapi?"

"Mbele... mbele sana."

Akafunga kitabu. "Uongo ya mdomo ni dhambi moja," akasema. "Uongo na kitabu kwa mkono ni dhambi mbili." Akakiweka kwapani, akaondoka nacho. Mwenyekiti alinipa beleshi.

Nilichimba siku tatu. Wanawake walirudia nyimbo zao kwa uvivu, na kila mara mmoja angeuliza, mnafikiri alishuka kutoka kwa huo mnara? Babu alikuwa zizini. Tulimwona kwa mbali amekaa juu ya debe, kitabu magotini, mbuzi wakimtafuna koti la mvua.

Jioni ya tatu nilikuwa nikichagua ndengu pamoja na susu, kila mmoja na uteo wake.

"Susu, nisamehe."

"Ya nini?"

"Ya mbuzi. Niliwaongeza mimi."

"Nilijua." Aliokota jiwe, akalitupa mlangoni. "Hiyo kaskazini, watatoa wapi mbuzi ya pembe moja? Lakini ungesema pia huyo mfalme anakoroma."

Nilicheka mpaka nikamwaga ndengu. Yeye alitabasamu kidogo tu. Aliokota zile ndengu zangu moja moja, halafu akasema bila kunitazama, "Mimi sitaki nyama. Nataka ndugu yangu anione."

Asubuhi iliyofuata babu aliweka kitabu mezani, kando ya kikombe changu cha uji. "Nimemaliza," akasema. "Hakuna mbuzi hata moja. Mwanzo mpaka mwisho."

Nikakoroga uji.

"Wewe ulikuwa umefika wapi?"

"Nusu, babu." Ilikuwa kweli. Tangu nianze kutunga yangu, sikuwa nimeona haja ya kusoma ya mwandishi mwenyewe.

"Basi maliza." Akachukua fimbo, akatoka.

Nilisoma pale pale hadi uji ukaganda. Kumbe binti Kaisari alikuwa na kaka kweli, na kaka huyo aliugua. Akamwomba mfalme ruhusa ya kwenda kumwona. Mfalme, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisema barafu ikiyeyuka. Iliyeyuka, akasema baada ya mavuno. Baada ya mavuno akasema vita vikiisha. Kaka akafa. Binti akawa mama, akawa nyanya, akapata mvi katika nchi ile ya baridi, akafia huko. Ndani ya sanduku lake walikuta barua za kwenda kwao, nyingi, zote ameziandika na hakuna hata moja iliyotumwa. Hapo ndipo kitabu kilipoishia. Nililia peke yangu mezani, nikamlilia yeye na susu bila kutenganisha.

Nilipoinua uso, nilimwona babu kupitia mlangoni. Alikuwa akikamata mbuzi. Alifunga wa kwanza, akafunga wa pili. Wa tatu alichukua muda mrefu, akiwashika huyu na yule na kuwaachilia, mwishowe akamshika yule wa pembe moja. Alisimama naye pale, amemshika sikio. Halafu akamfunga kamba pamoja na wenzake.

Tulikwenda Jumamosi, kwa miguu, wanawake wa mwethya mbele wakiimba na mwenyekiti na kofia yake ya kampeni. Susu alikuwa ametangulia jana yake. Tulimkuta ndani ya nyumba ya marehemu mama yake, amekaa juu ya mkeka na gauni lake la Krismasi, miaka sabini na kitu, ameficha mdomo kwa leso kama msichana. Kaka yake alikuwa kwenye kiti uani, juani, amevaa koti zito. Walimletea mbuzi mmoja mmoja. Aliwagusa wote mgongoni, akakohoa, tukangoja akohoe mpaka amalize.

"Wamechelewa," akamwambia babu, "lakini wamefika. Sasa huyu ni bibi yako. Mtunze."

Susu aliangua kilio na kicheko kwa wakati mmoja, na wale wanawake kumi na mmoja wakapiga vigelegele hadi kuku wa jirani wakakimbia. Aliyechinjwa ni mwingine. Yule wa pembe moja alibaki kwa kaka yake susu, na babu alikwenda kumtazama mara mbili kabla nyama haijaiva.

Tulikuwa tunakula wakati mwenyekiti aliponigeukia. "Na yule wa Konstantinopoli? Ulituacha kwa mnara. Alifika kwao ama?"

Wote wakageuka. Susu aliacha kutafuna, akanitazama. Nilijua ukurasa wa mwisho unavyosema. Nilitafuta uongo, mimi niliyetunga ufalme mzima ili nisichimbe, na siku hiyo ukakataa kuja.

"Alifika," babu akasema.

Alikuwa akipangusa mafuta vidoleni, polepole, kidole kwa kidole. "Ndugu yake alikuwa kwa mlango anamngojea. Ni ukurasa wa mwisho. Nimesoma mwenyewe."

Hakuna aliyeuliza zaidi, kwa maana kijiji kizima kinajua babu hasemi uongo. Susu aliitikia kwa kichwa, akachagua kipande cha ini kwenye sahani yake, akamwekea mumewe. Babu alinitazama mara moja juu ya miwani. Nikainama, nikaendelea kula.